Niels Finsen: Mgonjwa Aliyegeuza Mwanga Kuwa Dawa

Ndugu Mhariri aliponiomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani, ambaye vijana waliopo shuleni sasa wangefaidika kumjua, bila shaka alitazamia nimwandikie juu ya mwanasiasa au mpanda mlima. Lakini mimi nimekula mkate wangu kwa miaka mingi katika kazi ya kutibu magonjwa ya ngozi, na kwa hiyo nimemchagua tabibu. Tena ni tabibu ambaye ripoti yake ya shule, lau ingalibandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya Mkuu wa Shule, isingalimletea heshima yo yote.

Kabla sijamfikia, nawaomba wenzangu wa zamani wakumbuke kwanza zile asubuhi za mwezi Julai hapa mlimani. Ukungu umelala juu ya migomba, mlima hauonekani, maji ya bombani yanachoma vidole kwa baridi. Halafu ukungu unapasuka, na sisi sote tunakimbilia ule ukuta wa bweni unaotazama mashariki, tunasimama mstari kama kunguru, tunaota jua mpaka kengele ya paredi inapolia. Kila mmoja wetu alijua kwamba jua lina kitu ndani yake. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Pale ukutani, kati yetu, alisimama pia mwenzetu mmoja mwenye ualbino. Siku zile tulimwita zeruzeru, naye aliitika, kwa maana hatukumpa jina jingine. Baridi ilimshika kama ilivyotushika sisi, na jua lilimwangukia kama lilivyotuangukia sisi. Nitarudi kwake mwishoni.

Mtu aliyeuliza jua lina kitu gani aliitwa Niels Ryberg Finsen. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1860 katika mji wa Tórshavn, visiwa vya Faroe, ambavyo ni miamba iliyotupwa katikati ya bahari ya kaskazini, chini ya utawala wa Denmark. Wazee wake walikuwa watu wa asili ya Iceland, na baba yake alikuwa ofisa mkuu wa serikali katika visiwa hivyo. Mama yake alifariki Niels akiwa bado mtoto mdogo wa miaka minne hivi, na baba akaoa mke mwingine kutoka ukoo ule ule wa marehemu.

Msomaji wa Moshi hana budi kujitahidi kidogo ili aione nchi ile. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini ya Ikweta. Jua letu huchomoza na kutua kwa saa zile zile takriban mwaka mzima. Kule Faroe, mwezi aliozaliwa Finsen, mchana wote ni wa saa tano tu, na hizo saa tano mara nyingi ni za mvua na mawingu. Mtoto aliyekulia mahali pa namna hiyo hulitazama jua kwa macho tofauti na yetu.

Mwaka 1874 alipelekwa Denmark, katika shule ya bweni ya Herlufsholm. Mambo hayakumwendea vizuri. Mkuu wa shule ile aliandika kwamba kijana ana moyo mwema, lakini uwezo wake ni mdogo na bidii yake ni haba. Sijui mwalimu yule aliwaza nini miaka thelathini baadaye alipofungua gazeti, kama alikuwa bado hai. Baba aliona afadhali amwondoe, na mwaka 1876 Niels akahamishiwa Reykjavík, Iceland, katika shule aliyosoma baba mwenyewe. Huko alimaliza akiwa na umri wa miaka 21, wa kumi na moja kati ya wanafunzi kumi na watano. Vijana wa kidato cha nne, na hasa nyinyi mnaokaa viti vya nyuma, mtafanya hesabu wenyewe.

Alianza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1882. Mwaka uliofuata ugonjwa ukamkamata, nao haukumwachia tena. Ulikuwa ni ugonjwa wa kukakamaa polepole kwa ngozi nyembamba inayofunika moyo, ini na wengu. Moyo ulibanwa kama ngumi iliyofungwa kamba, damu haikurudi vizuri, na tumbo likawa linajaa maji. Kijana wa miaka 23 akawa na pumzi fupi na uchovu wa mzee. Hata hivyo aliendelea kusoma, akahitimu mwaka 1890, akapata kazi chuoni ya kupasua maiti na kuzitayarisha kwa ajili ya masomo ya wanafunzi. Mwaka 1892 alimwoa Ingeborg Balslev. Mtoto wao wa kwanza alikufa siku ile ile aliyozaliwa; baadaye walipata wengine watatu.

Ugonjwa wenyewe ndio uliomfundisha. Alikuwa amepanga katika nyumba iliyotazama kaskazini, ambayo huko kwao maana yake ni nyumba isiyoingiza jua. Alijiona hana damu na hana nguvu, akaanza kufikiri kwamba pengine jua lingemsaidia, akawa analitafuta kila alipopata nafasi. Ilimfaa, au alidhani ilimfaa. Lakini yeye hakutosheka na kufaa tu, alitaka kujua sababu, na vitabu vya wakati ule havikumpa jibu la maana. Basi akaanza kutazama. Alimwona paka aliyejilaza uani mahali penye jua. Kivuli kilipomfikia, paka akanyanyuka, akasogea juani, akalala tena. Kivuli kikamfuata, naye akasogea tena. Mtu mwingine angecheka tu na kupita. Finsen alianza kukusanya mambo madogo ya namna hiyo juu ya viumbe wanaolifuata jua na wale wanaolikimbia.

Hapa ni lazima nieleze jambo la fizikia, nikiomba radhi kwa waliokwisha lijua. Mwanga wa jua ukipitishwa katika mche wa kioo hugawanyika rangi za upinde wa mvua, kuanzia nyekundu hadi urujuani. Mwaka 1801 Mjerumani Johann Ritter aligundua kwamba kupita ile rangi ya urujuani, mahali ambapo jicho halioni kitu, bado kuna mionzi yenye nguvu ya kuigeuza chumvi ya fedha iwe nyeusi. Hiyo ndiyo tunayoiita mionzi ya urujuanimno. Miaka mingi watu waliamini kwamba ngozi huunguzwa na joto la jua. Lakini waliopanda milima yenye theluji walijua kwamba jambo hilo halielezeki, kwa sababu huko juu mtu hutetemeka kwa baridi na huku uso wake unababuka. Wapagazi wa Marangu na Machame wanalijua hilo bila kitabu. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi hiyo huzidi kwa sehemu moja katika kumi hivi, na theluji mpya huirudisha juu mpaka asilimia 80, ikampiga mtu hata chini ya kidevu. Mwaka 1889, mwaka ule ule Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo, Mswidi aliyeitwa Widmark alionyesha kwa majaribio kwamba kinachounguza si joto bali ni mionzi ya urujuanimno.

Finsen alilichukua jambo hilo akalijaribu juu ya mwili wake mwenyewe. Jaribio lake ni rahisi mno, na mtu ye yote angeweza kulifanya. Alichora mstari mpana wa wino mweusi juu ya mkono wake, akauweka mkono juani kwa muda wa saa tatu hivi, kisha akaosha wino. Palipokuwa na wino ngozi ilibaki nyeupe kama ilivyokuwa. Pande zote mbili ilikuwa nyekundu, ikauma, ikavimba kidogo, na baada ya siku kadhaa ikageuka kahawia. Jaribio lingeweza kuishia hapo. Yeye aliurudisha mkono ule ule juani mara ya pili, safari hii bila wino. Sasa mambo yakageuka: ule mstari mweupe ndio uliounguzwa, na zile pande zilizokwisha kuwa kahawia hazikudhurika. Rangi ya ngozi ikawa imefanya kazi iliyofanywa na wino.

Mimi nimelisoma jaribio hilo mara nyingi, na kila mara huona kwamba mkono ule mmoja unatosha kwa somo la mwaka mzima. Weusi wetu ni mwavuli. Ndani ya ngozi kuna rangi iitwayo melanini, ambayo hukaa juu ya kiini cha chembe kama kofia juu ya kichwa, ikimeza mionzi kabla haijafika kuharibu kitu. Aliye nayo nyingi hukaa juani mchana kutwa akilima na asibabuke. Asiye nayo ni ule mstari mweupe.

Mwaka 1893 Finsen aliacha kazi ya chuo ili ajitoe kwa utafiti peke yake, na mwaka huo huo akachapisha makala yake ya kwanza ya maana. Ilihusu ndui. Alidhani kwamba mionzi ile inayounguza ndiyo inayozidisha usaha wa ndui na kuacha makovu, kwa hiyo akashauri wagonjwa walazwe katika vyumba vyenye mapazia mekundu mazito, ili mwanga mwekundu tu uingie. Mjini Bergen, Norway, madaktari walijaribu wakasifu. Wengine waliojaribu baadaye hawakuona faida, na jambo lenyewe likaachwa. Ndui ikaja kuondolewa duniani kwa chanjo. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa huku huku Afrika Mashariki, mjini Merka, Somalia, mwaka 1977. Nalieleza kosa hili kwa sababu wasifu wa watu mashuhuri mara nyingi huyafuta makosa yao, na kijana anayesoma hudhani kwamba wakubwa hao hawakukosea kamwe.

Katika ndui Finsen alitaka kuuzuia mwanga. Baadaye alianza kujiuliza kama kitu chenye nguvu ya kudhuru hakiwezi kupewa kipimo na kuelekezwa kwa adui. Tangu mwaka 1877 ilijulikana, kwa kazi ya Waingereza wawili Downes na Blunt, kwamba mwanga wa jua huua bakteria. Na huko Ulaya ya kaskazini palikuwa na adui mmoja wa kutisha wa ngozi.

Ugonjwa huo huitwa lupasi, jina la Kilatini lenye maana ya mbwa mwitu, na ni kifua kikuu cha ngozi. Huanza kama kipele chekundu kidogo usoni, aghalabu karibu na pua. Hakiumi sana. Hukaa, hupanuka, huacha kovu katikati na kuendelea kula pembeni, na kwa miaka kumi au ishirini huweza kuila pua, mdomo na kope. Wagonjwa walijifunika nyuso kwa vitambaa. Hawakuajiriwa, hawakuolewa, watoto waliwakimbia njiani. Madaktari waliwakwangua na kuwachoma kwa dawa kali na moto, na ugonjwa ukarudi.

Mnamo Novemba 1895 Finsen alimchukua mhandisi mmoja, Niels Mogensen, aliyekuwa ameugua lupasi ya uso kwa miaka mingi na kutibiwa kwa kila njia bila kupona. Jua la Copenhagen mwezi wa Novemba halifai kitu. Kwa hiyo alikwenda kwenye kituo cha kufua umeme cha mji, na mkurugenzi wa hapo akampa nafasi na umeme. Taa aliyotumia ilikuwa ya vijiti viwili vya kaboni, ambavyo umeme huruka kati yao kwa ung'avu mkali mfano wa ule wa mafundi wa kuchomelea vyuma. Aliukusanya mwanga huo kwa lenzi, akaupitisha katika maji ili kuondoa joto, akaumulika usoni pa Mogensen kila siku. Baada ya miezi michache uso ulianza kupona.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo alilitatua kwa werevu ninaoupenda kuliko mengine yote aliyofanya. Mwanga haukuzama vya kutosha ndani ya nyama. Finsen alishuku damu. Akachukua karatasi ya picha, akaiweka nyuma ya ndewe la sikio la mtu, akamulika mbele: karatasi haikubadilika. Kisha akalibana lile ndewe kati ya vipande viwili vya kioo mpaka damu ikakimbia na nyama ikawa nyeupe, akamulika tena: karatasi ikawa nyeusi. Damu, kwa kuwa ni nyekundu, ilikuwa ikiimeza mionzi. Tangu siku hiyo kila mgonjwa alibanwa ngozi kwa kipande cha jiwe angavu liitwalo kwatsi, ambalo huruhusu mionzi kupita kuliko kioo cha kawaida, na maji baridi yakipita ndani ya kibanio hicho.

Mwaka 1896 Taasisi ya Finsen ya Mwanga ilifunguliwa mjini Copenhagen. Ukiziona picha za siku zile utaona taa kubwa iliyoning'inizwa darini, na kutoka katika taa hiyo mirija minne kama darubini inashuka kuelekea kwa wagonjwa wanne waliolala. Kando ya kila mgonjwa ameketi muuguzi mwenye miwani myeusi, ameshika kibanio na kukikandamiza juu ya uso. Mahali palipotibiwa kwa siku moja hapakuzidi upana wa senti. Muda ulikuwa saa moja au zaidi. Kesho yake pahali pengine, kesho kutwa pengine, miezi kwa miezi, hata mwaka. Jina la Finsen ndilo limebaki katika vitabu. Lakini mimi niliyefanya kazi wodini najua kwamba tiba ile ilikuwa ni mikono ya wale akina dada, ambao majina yao hatuyajui, walioketi saa nzima bila kutikisika ili mwanga usihame.

Katika miaka mitano hivi ya kwanza walitibiwa wagonjwa wa lupasi zaidi ya 800, na walio wengi walipona au walipata nafuu kubwa. Watu waliokuwa wamejificha ndani kwa miaka walirudi kazini. Habari zikaenea. Mwaka 1900 Alexandra, binti wa mfalme wa Denmark aliyeolewa na mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza, alisaidia taa ya Finsen ifike katika hospitali ya London Hospital, na miji mingine ikafuata.

Mwenye taa hakupona. Kadiri taasisi ilivyokua ndivyo yeye alivyopungua. Alitembea kwa shida, kisha akakaa kwenye kiti cha magurudumu. Maji yalitolewa tumboni mwake mara kwa mara, nayo yakarudi. Akaamua kujifanya mwenyewe kuwa kitu cha utafiti: alipima kila alichokula, kila alichokunywa na kila kilichomtoka, akaandika siku baada ya siku. Kwa vipimo hivyo alitambua kwamba chumvi ndiyo inayoshikilia maji mwilini, akapunguza chumvi katika chakula chake na kupata ahueni kiasi. Makala yake juu ya jambo hilo yalitoka mwaka 1904. Shauri la kupunguza chumvi wanalopewa leo wazee wetu wenye moyo mpana, ambalo hulipokea kwa manung'uniko mengi (mbege na nyama choma bila chumvi ni mtihani), Finsen alijipa mwenyewe.

Desemba 1903 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba, Mdenmark wa kwanza kupata tuzo hiyo. Hakuweza kusafiri kwenda Stockholm kuipokea. Kroner 50,000 za fedha ile alizitoa kwa taasisi yake. Alifariki tarehe 24 Septemba 1904, akiwa na umri wa miaka 43, chini ya mwaka mmoja baada ya heshima ile.

Taa zake zilizeeka zikaondoka. Katika miaka ya 1940 na 1950 zilipatikana dawa za kuua vijidudu vya kifua kikuu, kwanza streptomaisini na baadaye isoniazidi, na lupasi ikawa ugonjwa wa vidonge. Kwetu Kilimanjaro, wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wakipelekwa Kibong'oto, upande wa magharibi wa mlima, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1926 wakati ambapo tiba ilikuwa hasa ni kupumzika, chakula na hewa safi. Dawa zilipofika, watu walianza kurudi nyumbani kutoka huko wakiwa wamepona.

Mwaka 2005 wataalamu wa Denmark walizichukua lenzi za zamani za Finsen wakazipima. Wakakuta kwamba nyingi ya mionzi mifupi ya urujuanimno, ambayo yeye aliamini ndiyo inayoponya, haikuwa ikipita kabisa. Kilichopita ni mionzi mirefu zaidi iliyo karibu na mwanga wa urujuani unaoonekana. Tena wakaeleza jinsi ilivyofanya kazi: kijidudu cha kifua kikuu hutengeneza ndani yake kemikali ziitwazo pofirini, na mwanga huo ukizigusa hugeuza oksijeni kuwa sumu inayomuua kijidudu mwenyewe. Kwa hiyo wagonjwa walipona kweli, na sababu aliyoitaja daktari wao haikuwa sahihi. Siku zote huwasimulia vijana wa tiba habari hii, na siku zote kuna mmoja anayecheka na mmoja anayenyamaza kufikiri.

Mionzi ya urujuanimno yenyewe haikukosa kazi. Mwaka 1919 daktari Huldschinsky wa Berlin aliitumia kuponya matege ya watoto. Mwaka 1925 Goeckerman, huko Marekani, aliichanganya na lami ya makaa ya mawe kutibu soriasisi, ule ugonjwa wa mabaka yenye magamba meupe kwenye viwiko na magoti. Misri walikuwa na elimu ya zamani zaidi: mmea unaoota kando ya Nile, ambao waganga waliwapa wenye mbalanga kisha wakawaweka juani. Mwaka 1948 daktari El Mofty wa Cairo alitangaza matokeo ya kutumia dawa iliyotolewa katika mmea huo pamoja na jua, na rangi ikaanza kurudi katika mabaka meupe ya baadhi ya wagonjwa. Siku hizi kuna vyumba vidogo mfano wa kabati, vyenye taa ndefu zinazotoa mionzi ya nanomita 311 tu, ambayo imeonekana kufaa soriasisi na mbalanga kwa kuunguza kidogo. Mgonjwa husimama ndani kwa sekunde kadhaa tu mwanzoni, na muda huongezwa polepole kama dozi ya dawa nyingine yo yote. Na mama ye yote aliyejifungua hospitali na mtoto akapata umanjano ameiona ile taa ya buluu anayolazwa chini yake mtoto akiwa amefunikwa macho. Hiyo si urujuanimno, ni mwanga wa kawaida wa buluu, lakini ni mjukuu wa taa ya Copenhagen.

Na sisi hapa Moshi? Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka 1992 kikafunguliwa hapo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, ambacho kimewafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Ukikaa katika kliniki ya ngozi ya nchi hii utaiona haraka sura ya pili ya mwanga ambayo Finsen aliiona katika ule mstari mweupe. Kwa watu wenye ualbino mwanga wetu ni mwingi mno. Masikio, shingo, midomo, mikono, mahali po pote pasipofunikwa, hubabuka tangu utotoni, huota vidonda visivyopona, na vidonda hivyo huweza kuwa saratani mtu akiwa bado kijana. Tangu miaka ya 2010 kituo hicho kimekuwa kikitengeneza mafuta ya kukinga jua, yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu hao.

Yule mwenzetu wa pale ukutani hakuyaona mafuta hayo. Alikuwa hodari wa hisabati, ingawa alilazimika kusogea hadi ubaoni ili asome. Alicheza mpira pamoja nasi saa nane mchana kwa kaptura na fulana, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa sare za michezo, na siku alipokuja paredi amevaa kofia aliamriwa aivue, maana kofia haikuwamo katika sare. Mimi nilikuwa kiranja wa bweni, na ndimi niliyemwamuru. Baadaye alikuwa mwalimu huko tambarare, ambako hakuna hata kivuli cha mgomba. Mwaka 1989 alikuja kliniki na kidonda nyuma ya sikio, mahali ambapo mtu mwenyewe hajioni. Alikuwa amekaa nacho muda mrefu mno. Tuliongea Kichagga, tukacheka juu ya walimu wetu, na tulipokutana mara ya pili hakuweza tena kucheka kwa upande ule wa uso. Hakufika miaka arobaini.

Nimeambiwa kwamba mwaka huu shuleni wapo wanafunzi wawili wenye ualbino, mmoja kidato cha kwanza na mmoja cha tatu. Nimemwandikia Ndugu Katibu wa chama chetu nikiomba jambo lao liwekwe katika ajenda ya mkutano wa Jumamosi, mara baada ya taarifa ya mweka hazina: kofia za pama mbili kwa kila mmoja, mashati ya mikono mirefu na suruali ndefu badala ya kaptura, michezo yao ianze saa kumi na moja jioni, na agizo la maandishi kwa viranja wote wa mabweni kwamba kofia hizo zisivuliwe paredi. Gharama ya vitambaa nimekwisha iuliza kwa fundi wa Kiborloni, nami nitakuja nayo mkutanoni.